Moshi Walioulilia Kikula

Kule Kikula, katika mji wa Likasi, mtu akitaka kujua upepo unaelekea wapi, aliinua macho tu akatazama bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyusha madini. Moshi ukilala upande wa nyumba, akina mama walikimbia kuanua nguo kambani, maana ulikuwa na ukali wa kutoboa shuka. Kuku walikohoa. Naam, kuku, wala usicheke! Mbuzi nao walijibana nyuma ya kuta wakingoja upite. Ukilala upande wa pili, kwenye kilima cha kaskazini-magharibi, watu walishusha pumzi wakaendelea na shughuli zao. Na kwa kuwa kiangazi kizima upepo wa Likasi hutoka kusini-mashariki bila kuchoka, kilima kile ndicho kilichokula moshi miaka nenda miaka rudi. Kilikuwa kipara. Miti michache iliyobaki ilikuwa imepinda yote upande mmoja, na nyuki hawakutia mguu huko.

Berthe alizaliwa Kikula, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wa mfanyakazi, akaolewa na mfanyakazi. Tangu utotoni alijua jambo moja: moshi ukitoka, baba analeta unga. Siku ambazo bomba lilizimwa ili litengenezwe, mama yake alipika kwa kubana, na nyumba nzima ilinuna. Kwa hiyo moshi ulimkohoza, ulimtobolea sketi ya shule, lakini haukumtisha hata siku moja.

Halafu ikaja ile miaka ya tisini, miaka ya balaa. Madini hayakufika, vipuri havikufika, posho ya unga ikakatwa, mishahara ikawa hadithi. Mwishowe bomba lenyewe likazimika. Mumewe, Zéphirin, aliyekuwa fundi wa tanuru, aliendelea kuvaa ovaroli yake ya bluu kila asubuhi, akaenda hadi getini, akasimama na wenzake, akarudi. Berthe aliifua ovaroli ile ingawa haikuwa na uchafu. Angefanyaje? Kumwambia asiende ingekuwa kumzika angali hai.

Njaa ikamchagua Princesse, kitinda mimba wao wa miaka mitatu. Nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba ikang'aa, na mtoto akaacha kucheza. Muuguzi wa zahanati alimbonyeza mguu, akatikisa kichwa.

"Dawa yake ni chakula, mama. Mupatie maharagi, karanga, mboga. Sindano haitamusaidia."

Maharagi atayatoa wapi? Mashamba mazuri yote yalikuwa na wenyewe. Ndipo Berthe akakumbuka kile kilima kipara. Tangu moshi ukome, mvua za misimu miwili zilikuwa zimekiosha, na upepo uleule uliokuwa ukikiua sasa ulikuwa unakiletea mbegu za majani kutoka mbali. Chini yake palipita kijito cha kuchota maji ya kumwagilia. Mvua zilipokatika, alichukua jembe akaenda.

Majirani walimcheka. "Weye Berthe, unaenda kulima majivu?"

"Muache nilime. Mutakuja kuniomba mboga," aliwajibu.

Na wakaja kweli! Lengalenga, ule mchicha wa kwetu, ziliota nene, za kukatwa leo na kuota tena. Princesse alikula, na miguu ikaanza kunywea. Maharagi yakarefuka, yakatoa maua, na siku moja Berthe akawasikia nyuki wakivuma juu ya maua yale. Nyuki, kwenye kilima kile! Aliketi chini akacheka peke yake. Kila jioni mtoto alimuuliza, "Mama, maharagi imeiva?" naye akamjibu, "Bado kidogo, mama. Bado kidogo."

Sasa sikiliza kosa lake, nami sina moyo wa kumlaumu. Kila Alhamisi akina mama wa Kikula walifunga na kusali nyumbani kwa Mama Colette, mke wa mchungaji. Berthe ndiye aliyekuwa na sauti, kwa hiyo yeye ndiye aliyeongoza. Na waliomba nini? Wangeomba nini, watu waliokulia kambini?

"Bwana, washa tanuru!" alipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Turudishie moshi! Moshi, Bwana!"

"Moshi, Bwana!" waliitikia, wakipiga sakafu kwa viganja.

Ni mwezi wa saba huo, upepo umeshika njia yake. Hakuna hata mmoja aliyeufikiria, wala Berthe mwenyewe.

Wiki iliyofuata king'ora cha kiwanda kililia. Zéphirin alitoka mbio bila kufunga vifungo, akilia kama mtoto. Saa chache baadaye bomba likatapika moshi mnene, na Kikula nzima ikamwagika barabarani. Watu walipiga masufuria, wakakumbatiana.

"Berthe! Mungu amesikia sauti yako!" Mama Colette alimshika mikono, wakacheza.

Naye alicheza, Princesse mgongoni. Kisha akainua macho, kwa mazoea tu, kutazama moshi unalalia wapi. Ulikuwa umelalia kilima. Akamwachia Mama Colette mtoto, akakimbia.

Alifika kilimani akikohoa, ulimi ukichoma kama mtu aliyelamba betri. Majani yalikuwa bado mabichi. Alivua kitenge akafunika mstari mmoja wa maharagi, akaweka magunia kwenye mwingine, upepo ukafunua kote. Alirudia, ukafunua. Mwishowe alisimama mbele ya mimea yake, mikono ameitanua, mwili wake wote ukiwa kizuizi. Kizuizi gani, masikini!

Asubuhi, umande ulipokauka, majani yalikuwa yamebabuka kama yaliyopitiwa na pasi ya moto. Maua yalikuwa chini. Nyuki hawakuwepo.

Zéphirin alirudi macho mekundu, uso umejaa furaha ambayo Berthe hakuwa ameiona siku nyingi.

"Minye mwenyewe ndiye niliwasha, Berthe. Mikono hii!"

"Bustani imekufa, Papa Princesse."

Akaitazama mikono yake. "Mushahara utakuja," alisema bila kumtazama.

Haukuja. Moshi ulitoka siku chache, madini yaliyokuwa yamebaki yakaisha, bomba likanyamaza tena. Ati walikuwa wanajaribu mitambo! Zéphirin akarudi kusimama getini. Princesse akarudi kuvimba, miguu kwanza, kisha uso.

Alhamisi moja baada ya hapo, Berthe alikwenda kwa Mama Colette kwa sababu kubaki nyumbani kulimshinda.

"Anza weye, Mama Princesse," Colette alimwambia kwa upole. "Bwana alikusikiaka. Tuombe moshi urudi, usizimike tena."

Berthe akasimama. Akafungua kinywa. Akiomba moshi, anaomba kilima kiungue. Asipoomba, anamwombea mumewe afie getini. Alitafuta neno la tatu na hakulipata. Alisimama hivyo, kinywa wazi, akitetemeka, akamchukia Mungu, kisha akaogopa. Wanawake wakadhani Roho amemshukia. Wakaanza kulia na kupiga sakafu, "Moshi, Bwana! Moshi!" hadi vumbi likapanda.

Katikati ya kelele hizo mtoto akaamka mgongoni, akamgusa shingo kwa mkono uliovimba.

"Mama, maharagi imeiva?"

"Bado kidogo, mama," Berthe akajibu. "Lala."