Mwanaume wa Maziwa ya Ngamia

Nilipoachika niliapa kwamba mwanaume mwingine hataingia nyumbani kwangu Chechelesi, labda fundi wa paa, na yeye pia amalize haraka. Nikauza maziwa ya ngamia sokoni Isiolo miaka sita kwa amani. Kisha akaja yeye.

Kwetu maziwa ni kazi ya wanawake. Huyu, mwanaume mzima mwenye ndevu za hina, akapanga jerikani zake kando yangu na kuanza kuita wateja kwa sauti tamu kama ya muadhini. Wateja wangu wakahama. Nikawaambia watu kwamba anachanganya maziwa na maji. Ushahidi sikuwa nao, nilikuwa na hasira tu.

Asubuhi moja afisa wa afya akaja kupima maziwa. Yake yakapita. Jerikani yangu moja ikapatikana na maji, maana aliyeniletea kutoka Ngaremara alikuwa ameyaongeza njiani. Nilingoja mwenzangu acheke. Mimi ningecheka hadi magharibi.

Akasimama, akasema jerikani hiyo ni yake, zilichanganyika na zangu wakati wa kushusha. Maziwa yakamwagwa, naye akafungiwa kuuza wiki mbili.

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilimfuata nikiwa nimefura, nikamuuliza nani alimtuma.

"Hakuna," akasema. "Ukifukuzwa hapa, nitagombana na nani?"

Nikageuka nikaondoka bila kumtukana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilirudi nikijiambia ni joto. Lakini siku ya tatu nilimtukana mteja bila sababu, macho yangu yakiwa mahali alipozoea kukaa. Siku ya nne nilienda kwa yule afisa nikakiri kwamba jerikani ilikuwa yangu. Akatufungia wote wawili, mmoja kwa maji, mwingine kwa uongo.

Siku zilizobaki tulizimaliza tukinywa chai kwenye kibanda, soko zima likipita kututazama. Hapo nikamwambia pia kwamba ule uvumi niliutunga mimi. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, na akaniongezea sukari.

Miezi michache baadaye alituma wazee kwa kaka yangu. Nikamwita pembeni.

"Nitakubali," nikamwambia, "lakini wateja wangu usiwaguse."

Akajikuna ndevu zake za hina, akasema hilo hawezi kuahidi. Tulifunga ndoa Ijumaa iliyofuata. Dada zangu walilia kwa furaha. Mimi nilikunja uso siku nzima, nisije nikaonekana nimefurahi kuwazidi.