Tovuti ya Masoko na Chungu cha Mwenyekiti

Enzi za chama cha ushirika, Tusekile alikuwa mpiga chapa mjini Tukuyu, na mkubwa wake alikuwa na tabia ya kumtamkia barua aichape huku akizunguka chumbani, mikono mgongoni. Siku moja mkubwa huyo, akiwa ameamka vibaya, alimwambia, "Andika ninavyosema. Usiongeze, usipunguze." Tusekile akaandika alivyoambiwa. Akaandika na kikohozi. Akaandika na "ngoja kwanza," na "nani tena kachukua kalamu yangu?" Barua ikatiwa sahihi, ikapigwa muhuri, ikapanda basi kwenda mkoani. Huko walicheka mpaka basi, na Tusekile akahamishiwa stoo ya magunia.

Stoo nayo haikudumu. Biashara huria ilipoingia, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na malori yao, ushirika ukakonda, wafanyakazi wakapunguzwa. Tusekile aliondoka na taipureta kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka, akaibeba kichwani hadi mtaa wa Bulyaga, mvua ikimpiga, taipureta imefunikwa kanga na yeye mwenyewe hana cha kujikinga. Akapanga chumba kando ya barabara, akabandika mlangoni: TUNACHAPA KILA KITU ISIPOKUWA UONGO MKUBWA. Uongo mdogo, aliwaeleza wateja, ulikuwa unazungumzika.

Chumba kilikua. Ikaja mashine ya fotokopi, ikaja kompyuta, na mwishowe intaneti, ambayo mvua ya Tukuyu iliikata ilivyotaka. Nusu ya watu wa Bulyaga waliojua kuandika kwenye kompyuta walifundishwa na yeye, na wote walibofya kwa nguvu kama yeye, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuisahau taipureta.

Ndiyo maana Umoja wa Wenyeji ulipotaka tovuti, mwaka 2008, ulikwenda moja kwa moja kwake. Umoja huu ulikuwa wa kaya zilizokaribisha wageni wanaokuja kuangalia Ziwa Masoko na milima yetu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Ackson wa Kinyala, mstaafu, mtu wa miwani na mwavuli, aliyeamini kwamba Kiswahili kinakufa na kwamba yeye ndiye daktari wake. Mweka hazina alikuwa Yunusu, mwenye duka la jumla na rejareja sokoni. Na mwanachama mwenye wageni wengi kuliko wote alikuwa Felista wa Masoko, mjane mcheshi ambaye nyumba yake ilizungukwa na migomba hata mlango ulitafutwa.

Walikutana chumbani kwa Tusekile, mvua ikigonga bati.

"Tovuti si kazi," Tusekile aliwaambia. "Kazi ni kuchagua mfumo wa kuiendesha. Ni kama nyumba. Wengine wanajenga nyumba ambayo mwenye nyumba mwenyewe hawezi kufungua dirisha mpaka amwite fundi. Mimi nataka kila mmoja wenu aweze kufungua dirisha lake."

"Mifumo ipo mingapi?" aliuliza Mwalimu.

"Mingi. Ya bure ninayoijua kidogo ni Joomla na WordPress."

Yunusu aliinua kichwa. "Jumla?"

"Joomla. Nimesoma kwamba walioianzisha walilichukua neno hilihili letu, jumla."

"Basi kikao kimekwisha," alisema Yunusu, akijifunga koti. "Neno letu, biashara yangu. Tuchukue Jumla. Hiyo nyingine itakuwa rejareja."

"Kaa chini, kaka Yunusu. Mfumo hauchaguliwi kwa jina."

"Mke nilimchagua kwa jina, na hajanisumbua."

Mwalimu Ackson akagonga meza. Yeye alikuwa na mtu wake. Mjini Mbeya alikutana na mtaalamu aitwaye Hezron, kijana nadhifu wa tai nyembamba, aliyeunda mfumo wake mwenyewe na kuupa ngazi tano za idhini. Hakuna neno lingetoka hadharani bila kupanda ngazi zote, na kwenye ngazi ya juu kabisa angeketi mwenyekiti.

"Ngazi tano!" Mwalimu alirudia, kama anayetaja jina la mjukuu. "Kila mtu akiandika anavyotaka, wageni watatuonaje? Ninyi mnaandika 'hichi' badala ya 'hiki'."

Tusekile hakubishana. Aliwaza kidogo, kisha akasema kwa upole uliomtia Felista wasiwasi, "Sawa, Mwalimu. Tuujaribu kwanza huo wa ngazi tano. Ukitufaa, tunaununua. Usipotufaa, tunarudi kwenye hii ya bure."

Hezron alikuja, akauweka mfumo, akaeleza kwa uvumilivu, akanywa chai. Alikuwa kijana mwema. Aliwaonya jambo moja tu: kilichopitishwa na ngazi ya juu hakifutiki hapa, lazima akifute yeye kutoka Mbeya. "Kwa usalama," alisema. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Usalama ni kitu kizuri.

Majaribio yakaanza. Felista alikuja mjini, akaandika kwa vidole viwili: *Karibuni kwangu, maji ya moto yapo.* Mwalimu akateremka kutoka Kinyala na mwavuli wake, akaketi mbele ya kompyuta, akasafisha miwani. Alipomaliza, tangazo lilisomeka: *Wageni waheshimiwa mnaarifiwa ya kwamba maji yenye joto la wastani hupatikana, kwa utaratibu maalumu, katika makazi ya Bibi Felista.*

"Utaratibu gani maalumu?" Felista alilalama. "Ni ndoo!"

"Ndoo ni utaratibu," alisema Mwalimu.

Siku za mwanzo alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa darasa lake. Alisahihisha ndizi, alisahihisha njia ya kwenda ziwani, aliisahihisha hata salamu ya Yunusu mpaka ikafanana na hotuba ya msibani. Lakini kutoka Kinyala hadi Bulyaga si mchezo, na msimu ulikuwa wa matope. Ngazi zote tano alizishika mwenyewe, na matangazo yalimsubiri yeye. Akichelewa, yanarundikana. Akija, umeme umekatika, anakaa kwenye benchi akiangalia ukungu unavyoingia mlangoni kama mteja. Baada ya muda alianza kusoma mstari wa kwanza tu. Halafu akawa hasomi. Anafika, anaweka mwavuli kwenye kona, anabofya *idhinisha, idhinisha, idhinisha*, anaondoka kuwahi gari.

Tusekile alimtazama akifanya hivyo mara moja, mara mbili. Moyoni akasikia kitu kinamtekenya, kilekile kilichompeleka stoo ya magunia.

"Felista," alisema, "andika kitu ambacho Mwalimu hawezi kukipitisha akikisoma."

"Kama nini?"

"Wewe ndiye mwandishi. Mimi ni mpiga chapa tu."

Felista alifikiri huku akitafuna muwa. Kisha akaandika: *Jumamosi hii Mwenyekiti wetu, Mwalimu Ackson, atawapikia wageni wote mbalaga kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwake Kinyala. Karibuni sana.*

Walicheka mpaka Felista akaegemea fotokopi. Mbalaga ni ndizi na maharage, chakula cha kila nyumba huku kwetu, lakini katika maisha yake yote Mwalimu hakuwahi kukutwa jikoni isipokuwa kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Mwalimu akaja. Akaweka mwavuli. Idhinisha, idhinisha, idhinisha.

"Mwalimu," Tusekile aliuliza, uso mkavu, "umeyasoma yote?"

"Nimeyapitia, binti yangu. Jicho la mwalimu linaona kosa hata bila kusoma."

Akaenda zake. Tusekile alikuwa amekusudia kulifuta tangazo papo hapo, amwonyeshe Mwalimu kesho yake, waelewane. Akabofya kufuta, amesahau kabisa onyo la Hezron. Mfumo ukakataa. Akajaribu kwa njia nyingine, ukakataa kwa maneno marefu zaidi. Akampigia Hezron, simu haikupatikana, akamwachia ujumbe; alikuwa kijijini kwao kwenye harusi. Hapo kicheko kikamwishia. Njia iliyobaki ilikuwa kupanda Kinyala na kumwambia mzee wa watu kwamba wamemtega. Aliivaa kanga mpaka mlangoni, akaivua. Akajituliza kwamba ni tovuti ya majaribio, nani ataisoma?

Hakujua kwamba Yunusu, kwa kujivunia salamu yake iliyosahihishwa, alikuwa ameituma anwani ya tovuti kwa ukoo wake wote.

Jumamosi asubuhi wanawake wanne walishuka mbele ya chumba cha Tusekile, wauguzi kutoka Iringa, wakiongozwa na Mwantum, shemeji yake Yunusu.

"Hodi! Tumekuja kwenye mbalaga ya mwenyekiti," alisema Mwantum. "Kiongozi anayepika! Tukasema huyo lazima tumwone kwa macho."

Tusekile aliwakaribisha chai, akaagiza watu wawaite Felista na Yunusu, akajipa moyo na kuongozana na wageni hadi Kinyala. Njiani aliwatangulia hatua kadhaa kama anayepeleka habari ya msiba.

Mwalimu alikuwa uani akipogoa kahawa. Tusekile alimweleza bila kupamba. Mzee alimsikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi sikuidhinisha upuuzi huo."

"Uliidhinisha, baba. Mara moja tu, lakini ilitosha. Mimi nilijua, sikukwambia. Hapo nimekukosea."

Kabla hajajibu, wageni waliingia na mafungu yao ya maua na salamu za heshima, na Mwantum akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, wanaume kama wewe tunawasikia redioni tu."

Kuna sifa ambazo mtu hawezi kuzikana bila kujidhalilisha. Mwalimu Ackson alikohoa. "Ee," alisema. "Ndaga, asanteni. Karibuni. Nilikuwa... nilikuwa nataka kuanza."

Mkewe, Mama Prisca, alitoka jikoni kuona kelele ni za nini. Akaelezwa. Alichukua kigoda, akakiweka mahali penye mandhari nzuri ya jiko, akaketi, akakunja mikono.

"Mama," Mwalimu alimnong'oneza, "njoo unisaidie kidogo."

"Tangazo limesema kwa mikono yake mwenyewe," alijibu Mama Prisca kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi si mtu wa kupinga tangazo."

Mwalimu akamenya ndizi kama anachonga penseli. Utomvu ukamganda vidoleni, ukahamia kwenye mkono wa shati, ukaishia kwenye miwani. Aliuliza maji ni kiasi gani, Mama Prisca akasema, "Ya wastani." Aliuliza chumvi, akaambiwa kuna utaratibu maalumu. Felista, aliyefika wakati huo pamoja na Yunusu, alilazimika kwenda kuchekea nyuma ya migomba. Moshi ukamwandama Mwalimu kila alikohamia, na hapo akina Mwantum wakashindwa kujizuia. Wakavua viatu, wakaingia, mmoja akapuliza moto, mwingine akachambua maharage, na uani pakawa na kelele ya harusi.

Chini chakula kiliungua. Juu kilikuwa kigumu. Katikati palikuwa na sehemu ndogo iliyoiva vizuri, na hiyo ndiyo waliyopewa wageni. Hezron naye aliingia wakati huo, jasho likimtoka, tai begani. Simu ilipowaka alikuta ujumbe wa Tusekile, akapanda gari la kwanza kuja kusaidia. Alisimama mlangoni, akatazama sahani.

"Nimekuja kufuta tangazo," alisema.

"Umechelewa," alisema Mwalimu Ackson. "Kaa ule."

Walipokutana tena Bulyaga, Mwalimu alikuwa wa kwanza kusema. Hakuugusa mwavuli, hakugonga meza. "Ngazi tano ni nyingi," alisema. "Mtu mzima huchoka kwenye ngazi ya pili." Hezron hakukasirika, alikiri kwamba mfumo aliujenga kwa ajili ya ofisi kubwa, si watu wa migombani, na akajitolea kuwasaidia kwa lolote watakalochagua.

Tusekile akafungua kurasa mbili za majaribio, moja ya Joomla, moja ya WordPress, akamkalisha Felista, akatoka nje kununua karanga ili asimsaidie. Aliporudi, Felista alikuwa ameshaandika kwenye zote mbili, lakini kwenye ile ya pili alikuwa ameweka na picha ya ndoo.

"Hii inafanana na ulivyotufundisha kuandika barua," alisema Felista. "Ile nayo nzuri, ila nilipotea kwenye milango."

Yunusu alilalamika kwa ajili ya heshima ya lugha. Kura zikapigwa, WordPress ikapita, na Yunusu akasema sawa, yeye ni mfanyabiashara, rejareja nayo ina faida yake. Kila kaya ikapewa ukurasa wake na ruhusa ya kuandika bila kumsubiri mtu. Makosa yalikuwepo. *Hichi* lilirudi kwa nguvu zote. Wageni walikuja hivyohivyo, na wengi waliuliza kama mwenyekiti bado anapika. Mwalimu aliwajibu kwamba yuko likizo, lakini Tusekile aliambiwa na majirani kwamba mara mojamoja moshi wa Jumamosi ulionekana Kinyala, na mtu wa miwani akikohoa ndani yake.

Mchana mmoja wa manyunyu Mama Prisca alibisha hodi chumbani Bulyaga, peke yake, nguo zake za kanisani zikiwa zimelowa pindoni. Aliomba afundishwe kuandika kwenye tovuti.

"Mama, Mwalimu si anaandika kwa niaba ya nyumba yenu?" Tusekile aliuliza.

"Anaandika historia ya ziwa. Ameshafika enzi za Wajerumani." Mama Prisca alivuta kiti, akakaribia kioo cha kompyuta, akatazama mlangoni kuhakikisha hakuna anayekuja. "Mimi nataka kuandika historia ya Mwalimu. Nibofye wapi?"

Tusekile akafunga mlango, akampisha kwenye kiti kizuri.