Safari Haitangazwi

Nikisikia harufu ya rasta zikichovywa kwenye maji ya moto, narudi mara moja kwenye saluni ya mama, chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Bellevue, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika. Kila msuko ulimalizikia hapo: ncha ndani ya jagi, mvuke unapanda, mteja anaambiwa asitikisike.

Mama alitoka Tanga, na sheria yake kuu ilikuwa moja: safari haitangazwi. Alipokwenda nyumbani kumzika bibi, hata Mama Furaha, fundi cherehani Mkongo wa chumba cha pili, ambaye yeye na mama walikuwa kama chanda na pete, alipata habari mama akiwa ameshafika. "Macho ya watu yana sumu," ndivyo alivyozoea kusema.

Basi fikirini alipoingia Brianna. Alikuwa Mmarekani wa miaka kumi na minane, baba yake akifanya kazi Midrand, mji wa jirani. Hata hajakaa vizuri kwenye kiti, alishaitangazia saluni nzima kwamba anakwenda Ujerumani kufanya majaribio ya mpira wa miguu, kwa sababu atacheza ligi kubwa ya Ulaya. Si kwamba angependa. Atacheza. Mkalimani nilikuwa mimi, mtoto wa miaka kumi niliyecheza winga ya kushoto shuleni, na nilimpenda papo hapo.

Kitana cha mama kikasimama. "Zuhura, mwambie afunge mdomo. Atajiharibia safari yake."

Nikamgeukia Brianna, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anampongeza. Niliona aibu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Wiki tatu baadaye alirudi kusukwa. Wajerumani walikuwa wamemkataa, na hilo nalo alilitangaza kabla hajakaa. Mimi moyo ulinipasuka. Nilikuwa na hakika kwamba kosa ni langu: onyo lilipitia kwangu, nikalimeza. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, nikakiri yote kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili mama naye asikie. Nikafumba macho kungoja kofi.

Kofi halikuja. Brianna alinifuta uso kwa taulo lililojaa mafuta ya nywele, akasema kwa sauti yake ileile, "Wamesema mimi ni mzito kugeuka. Sawa, nitajifunza kugeuka. Sasa natafuta timu nyingine. Hebu waulize mama zako hawa, nani ana mtu Ulaya?"

Safari hii nilitafsiri neno kwa neno. Kisha Mama Furaha, aliyekuwa amesimama mlangoni na gauni la mteja begani, akasema, "Eh, miye niko na dada yangu kule Belgique. Bwana yake anafundishaka mupira. Nimupigie?"

Mama alimkodolea macho. Miaka sita wameishi ukuta kwa ukuta, wamekula sahani moja, na hakujua kwamba shoga yake ana dada Ubelgiji. Kumbe sheria ya safari haikuwa ya Tanga peke yake.

Brianna alikwenda Ubelgiji, kwenye timu ndogo, akajifunza kugeuka. Baada ya miaka miwili akachukuliwa Ufaransa, ligi kubwa kama alivyosema. Mechi yake ya kwanza tuliitazama kwenye simu ya Mama Furaha, vichwa vimegusana. Mama hakujali mpira. "Nani kamsuka vibaya hivyo?" aliuliza.

Utotoni niliamini mama anaogopa jicho la hasidi. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba alichoogopa hasa ni kurudi mikono mitupu mbele ya watu ambao wangemsindikiza. Na akificha safari, alikuwa akijificha pia mbali na kila mtu ambaye angeweza kumsaidia. Brianna alirudi mikono mitupu, akakaa kwenye kiti kilekile, na hakuna aliyemcheka.

Mwezi uliopita niliomba nafasi ya kufundisha timu ya wasichana Ureno. Jibu halijaja, lakini najua nitakwenda. Jana nilimfuata mama saluni kwake, bado palepale Bellevue, nikamweleza. Aliweka kitana chini, akafungua mlango wa saluni na kuita mpaka wapita njia wakageuka.

"Mama Furaha! Njoo usikie! Zuhura anakwenda Ureno! Una mtu huko?"