Mundu Shambani kwa Mama Mkwe

Nilipoolewa Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, nilikuta nyumba ya mama mkwe ina visu vingi kuliko sufuria. Kwetu, upande wa barabara karibu na Kibiti, tulikuwa na panga moja na kisu kimoja, na hivyo viwili vilimaliza kazi zote. Panga lilifyeka, likachanja kuni, likapasua nazi. Kisu kilimenya mihogo, kikakata vitunguu, na kuku akipatikana kikanolewa na kuoshwa, kikamchinja. Kikipotea tulikwenda kuazima kwa jirani. Sikuwahi kufikiri kwamba kisu kinaweza kuwa na kazi moja tu.

Kwa mama mkwe mambo yalikuwa mengine. Kisu cha samaki, chembamba, kilicholika kwa kunolewa miaka mingi, kilikaa nje, kimechomekwa kwenye makuti ya jiko kwa sababu ya shombo. Cha jikoni kilikuwa na mpini wa mkoko na kilikaa ndani ya kapu. Kijembe cha kuchania ukindu wa mikeka kilifungwa kwenye kitambaa. Wembe ulikuwa wa kucha, wa kufumulia nguo na wa kunyolea watoto wachanga. Mume wangu alikuwa na shoka lake na tezo la kuchongea mitumbwi, na hivyo sisi wanawake hatukuvigusa.

Halafu kulikuwa na kijisu cha kuvunia mpunga. Kilikuwa kifupi kama kidole, kimekatwa kwenye mkanda wa chuma wa pipa na kupachikwa kwenye kipande cha mti. Unakificha kiganjani, unalivuta suke kwa vidole, unalikata hilo moja, unaliendea jingine.

Siku zangu za mwanzo nilimenyea ndizi kwa kisu cha samaki. Tukala ndizi zinanuka hongwe, yule samaki wa sharubu na miiba. Asubuhi mama mkwe akaniita jikoni, akavishika visu kimoja kimoja mbele yangu.

"Hiki cha huku, hiki cha kule. Hukujua, mwanangu. Kwenu mnamjua samaki akishakauka."

Hakulirudia tena neno hilo, lakini kwa muda mrefu kila nilipotaka kukata kitu nilitazama kwanza mama mkwe yuko wapi.

Mpunga ulipokaribia kuiva tulihamia dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ili tuwe karibu na kuwafukuza ndege na nguruwe. Msimu wa kwanza nilivuna nyuma ya mama mkwe. Yeye alikuwa mnene na mwenye magoti mabaya, nami nilikuwa msichana mwenye nguvu, lakini alinipita. Kiganja chake kilijaa masuke nikiwa bado natafuta pa kushika. Jioni mgongo wangu ulikataa kunyooka, na nikitazama shamba lililobaki, nilikata tamaa.

Kabla ya msimu wa pili nilikwenda kwetu kuwaonyesha mtoto. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na vitu ambavyo utotoni mwangu vilikuwa adimu sasa vilimwagwa chini juu ya maturubai siku ya gulio: sabuni za kila rangi, vikombe, visu vya mpini wa plastiki vilivyong'aa kama vioo. Katikati ya visu hivyo niliona miundu yenye meno madogo kama ya msumeno.

"Huu, dada, unavuna huku unaimba," akasema muuzaji, kijana aliyetoka Dar es Salaam.

Nikaununua. Boti ya Nyamisati nilipanda mundu ukiwa umezungushiwa kanga, na njia nzima nilijiona nimebeba dawa ya mgongo wangu na wa mama mkwe pia.

Aliupokea, akapitisha kidole gumba pembeni mwa meno yake, akanirudishia.

"Mzuri. Wa kukatia majani ya kuezekea."

"Wanavunia mpunga, mama. Huko kwenye mashamba makubwa."

"Huko wamepanda mpunga wa namna moja. Wa humu ni wa namna ngapi?"

Mimi niliona mpunga tu. Akanionyesha kwa kidole kutoka juu ya dungu: ule pale huwahi kuiva, ule wa bondeni huchelewa, ule wa upande wa mto mdogo huvumilia maji ya chumvi yakipanda. Katikati yake mlikuwa na mbegu alizopewa na dada yake, zimechanganyika na nyingine. Kijisu huchukua suke lililoiva na kuliacha bichi. Mundu hukumba yote.

Niliuchomeka mundu kwenye paa la dungu, na sikuutaja tena. Nilinuna kidogo, lakini nilinuna nikiwa kazini, na yeye hakuonyesha kwamba ameona.

Msimu huo mume wangu alikuwa kambini na wenzake wakikata boriti. Mpunga wa mwanzo umeanza kuinama ndipo mama mkwe alipochomwa na hongwe. Alikuwa akimpara samaki kwa kile kisu chembamba, samaki akajipindua, mwiba wa mgongoni ukamwingia chini ya kidole cha mkono wa kulia. Usiku huo hakulala. Kulipokucha mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Jirani akatupakia kwenye mtumbwi wake hadi zahanati. Akachomwa sindano, akafungwa kitambaa, akaambiwa mkono upumzike.

Tuliporudi shambani nilianza kuvuna peke yangu na kijisu. Nilivuna mtoto akiwa mgongoni, na akilala nilimlaza kwenye mkeka chini ya dungu. Ndege walikuwa wengi. Masuke yaliyopitiliza yalianza kupukutika nikiyagusa tu, na kila nilipoinua kichwa niliona sehemu niliyoivuna ni ndogo kama ua wa nyumba. Mama mkwe alikaa juu akipiga debe kwa mkono mmoja kuwafukuza ndege.

Siku ya tatu au ya nne nikapanda ngazi, nikakaa mlangoni.

"Mama, naomba ruhusa niutumie mundu. Tukiendelea hivi tutavunia ndege."

Akaliweka debe chini. Nilidhani amekasirika.

"Nipe mkono nishuke," akasema.

Akashuka taratibu, akaingia kwenye mpunga mbele yangu. Kila alipofika kwenye fungu alilolitaka, aliyakusanya mashina yake kwa mkono wa kushoto na kuyafunga fundo kwa jani la mpunga wenyewe, kwa mkono huo huo mmoja.

"Penye fundo usiguse. Hiyo mbegu. Na kule bondeni bado bichi, kuache. Kulikobaki ruhusa, kata."

Nikakata. Muuzaji hakuwa mwongo sana. Mundu ulilia kwenye mabua na mpunga ukalala chini kwa mafungu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimefika mahali ambapo kwa kijisu ningefika baada ya siku kadhaa. Nilisahau mgongo. Nilisahau pia kwamba mundu unataka ushike mabua kwa kushoto na kuvuta kwa kulia, na kwamba mkono ulioshika uko njiani. Nilivuta kwa furaha, meno yakapita kwenye kidole changu cha mwisho hadi nikaona weupe wa mfupa.

Mama mkwe hakunigombeza. Alikiosha kidole, akakibana kwa kitambaa kilichotoka kwenye kanga yake, akakaza kwa meno.

Jioni tukakuta tuna wali wa kupika, nazi moja, na mikono miwili tu inayofaa, kila mmoja na wake. Nilishika panga kwa kulia, yeye akaishikilia nazi chini kwa kushoto huku amegeuza uso pembeni. Nikapiga, ikapasuka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kukuna ndiko kulikotushinda. Alikaa kwenye mbuzi kuikandamiza isitembee, mimi nikachuchumaa ubavuni, tukakishika kifuu pamoja, wake kushoto na wangu kulia, tukakizungusha kwenye ulimi wa chuma. Mara mimi navuta, yeye anasukuma. Nazi ikatuponyoka, ikaviringika ikaanguka chini ya dungu, na mtoto akacheka. Tukacheka na sisi, hadi akajifuta machozi.

Tulipoanza tena nikaona mkono wake ndio unaouongoza wangu.

"Mama, huu wa kushoto mbona mwepesi hivi?"

"Ndio mkono wangu," akasema. "Wa kulia nilifundishwa. Nilipokuwa mdogo nilishika kila kitu kwa kushoto, mama yangu akaufunga kwa kamba ya ukindu mpaka nikazoea huu mwingine. Mume wangu alikufa hajui."

"Na mwanao?"

"Angejuaje? Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Asubuhi yake aliniomba kijisu. Akaingia kwenye mpunga wenye mafundo, mkono uliofungwa ameukunja kifuani, akaanza kuvuna mbegu kwa kushoto. Nilisimama na mundu wangu nikimtazama. Nilikuwa nimezoea kumwona mwepesi, lakini wepesi ule sikuwahi kuuona. Masuke yalimfuata kama anayaita.

Mume wangu aliporudi kutoka kambini alimkuta bado yuko kwenye mbegu. Alisimama kwenye tuta, mzigo kichwani.

"Mama, unavuna kwa kushoto?"

"Wa kulia nimeuachia kula," akamjibu, wala hakusimama.

Uvimbe uliisha, lakini vidole viwili havikukunja tena sawasawa, na tangu hapo aliendelea na kushoto mchana kweupe, mbele ya yeyote. Mundu hakuushika hata siku moja. Majirani waliuazima, wengine wakanunua wao, na kila mwaka yeye alitangulia shambani kufunga mafundo yake kabla sijaanza kukata.

Mpunga wa msimu ule wa kwanza wa mundu ulitusumbua kuupura, kwa sababu mabua marefu yalikuwa yamekuja na majani na suke bichi hapa na pale. Kinuni ulivunjikavunjika kuliko wa kijisu. Mchele mzima tuliuweka wa wageni na wa Idi. Chenga tulizipikia uji wa nazi, na mtoto alizila mpaka akanenepa mashavu.