Bati Lililotolewa Chini ya Gari la Mume Wangu

Mimi sikusoma sana. Chuoni nilihitimu msahafu, na skuli nilikwenda mpaka nikajua kuandika barua, basi. Lakini jambo hili nitaliandika mwenyewe, kwa sababu kila anapolisimulia mtu mwingine wa nyumba hii hulipaka sukari. Husema ilikuwa ajali. Haikuwa ajali. Lilitolewa bati chini ya gari, mchana, kwa makusudi, na mtu mwenye akili zake timamu, na mtu huyo ni mume wangu.

Tulikuwa twakaa Kisauni, miaka ya themanini. Mume wangu alikuwa na gari la mgongo mrefu, la kufunguliwa mlango nyuma. Viti vya nyuma vikilazwa, mtu mzima aweza kulala akajinyoosha. Basi likawa gari la mtaa. Lilibeba nazi, lilibeba bibi harusi, lilibeba wagonjwa na masufuria ya pilau ya hitima. Mume wangu hakumkatalia mtu, na kwa hilo namsifu, nisije nikaambiwa sina insafu.

Chini ya gari lile, baina ya bomba la ekzosi na sakafu, kulikuwa na bati jembamba lililopindwa kulifuata bomba. Kazi yake ni kuzuia moto wa ekzosi usipande juu kwa watu. Chumvi ya pwani ikazila boliti zake, bati likalegea, na gari likiwashwa likawa lapiga kelele mpaka meno yauma. Watu wa barazani wakapata la kumcheka. Akipita wasema, haya, tarumbeta limekuja. Mmoja akamuuliza kwa upole kabisa kama kule chini amefungia kuku. Mume wangu ni mtu wa kupiga pasi hata kanzu ya kulalia. Njaa aliweza kuistahimili, kuchekwa hakuweza.

Akaenda kwa fundi. Fundi alimwambia kwamba bati lenyewe ni zima, vilivyokufa ni boliti. Zikipatikana mpya atalikaza na kelele zitakwisha. Mume wangu akasema litolewe, litupwe. Alirudi nyumbani gari limenyamaza, mwenyewe atabasamu. Nikamuuliza lile bati lilikuwa la nini. Akaniambia hayo ni mambo ya Ulaya, kule kuna baridi, wenyewe hutia mabati ili joto lisiwapotee. Sisi watu wa Mombasa, joto twalitaka la nini tena? Nikamuuliza, na hilo joto lililokuwa likizuiwa sasa litakwenda wapi? Akasema mambo ya gari niwaachie wanaume.

Nikawaachia wanaume. Mwaona walivyoyafanya.

Binti yangu wa kwanza aliolewa Likoni. Mimba yake ya kwanza alikuja kwangu, kama ilivyo ada yetu, azalie kwao na amalize arobaini mikononi mwa mamake. Alizalia hospitali kule kisiwani, mtoto wa kike, alhamdulillahi. Lakini alichanika akashonwa, na kuketi hakuweza. Siku ya kutolewa tukalaza viti vya gari, tukatandika godoro la sufi na shuka juu yake, tukamlaza. Mimi nilijibana ubavuni mwake nimempakata mjukuu wangu. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikaa upande wa kichwani. Mbele alikuwa mume wangu peke yake na usukani wake.

Ilikuwa saa za adhuhuri. Tulipokaribia daraja la kutokea kisiwani magari yalikuwa yamekwama, mbele hayaendi, nyuma hayarudi. Injini yaunguruma, upepo hakuna. Binti yangu akanishika mkono.

"Mama, chini kunaniunguza."

Sasa sikilizeni jinsi watu wanavyoweza kuunguzwa na desturi yao wenyewe. Kwetu mzazi aliyetoka kujifungua huwekwa katika joto. Hukandwa kwa maji moto, hulazwa kitanda cha kamba na chini yake chungu cha makaa, baridi isimuingie tumboni. Wifi yangu aliposikia neno lile alifurahi. Akamwambia atulie, joto ndiyo dawa ya mzazi, yeye mwenyewe alilazwa juu ya makaa ya mikoko mpaka akabambuka ngozi, na mbona yu hai.

"Tena bahati yako," akasema, "babako amekutilia kitanda cha arobaini ndani ya gari. Wenzio huanza kwa kupigwa baridi njiani."

Akacheka. Na mume wangu kule mbele akacheka.

Nikapenyeza mkono chini ya godoro. Sakafu ilikuwa kaango. Nikamwambia mume wangu asimamishe gari, tumtoe mwanetu. Akasema gari si limesimama tayari, na hapa darajani atatolewa awekwe wapi? Nikamwambia moto huu si wa mzazi, huu ni wa kuchoma nyama. Akasema tumeshafika, avumilie kidogo. Wallahi, neno hilo la kuvumilia, anayelisema huwa si yeye aliyelala chini.

Sufi haiwaki kwa ndimi. Huanza kuungua ndani kwa ndani, kimya kimya, na wewe waona shuka nyeupe juu. Nilisikia kwanza harufu, kisha binti yangu akajipinda na mishono yake, kisha moshi ukatoka ukatujaa. Hapo ndipo mume wangu alipoamini, moshi ulipomfika yeye puani. Nilimtupia wifi yangu mtoto, nikafungua mlango wa nyuma kwa teke, nikamkokota binti yangu kwa makwapa mpaka barabarani. Mwenye mkokoteni wa maji, Mungu amlipe, alimimina madebe yake yote juu ya godoro asiulize. Binti yangu alikuwa amelala juu ya lami, kanga imemtoka, magari yamepanga mistari, wanaume wachungulia madirishani. Nikavua buibui langu nikamfunika. Kwenye paja alikuwa ameungua, jeraha upana wa sahani. Mtoto hakupata hata chembe.

Baada ya hapo nyumba ilijaa watu wa kutupa pole. Na kila aliyeingia alisema ni kudra. Kudra, kudra, mpaka neno likanichosha masikio. Mimi namsafisha binti yangu jeraha, auma ncha ya mto asisikiwe na wageni, na ukumbini nasikia mume wangu awajibu watu kwa sauti ya ucha Mungu kwamba haya ni mapenzi ya Mola, na sisi ni wa kushukuru tu. Nikatoka na beseni mkononi.

"Usimsingizie Mungu," nikamwambia. "Mungu hakushika spana."

Wifi yangu akanivuta kando akanikumbusha adabu, mume hasemwi mbele ya wageni. Nikamuuliza yeye na joto lake la dawa kama angependa atiliwe sahani ya makaa aikalie. Hakukaa sana siku ile.

Nilisema gari lile halitambeba mtu wa tumbo langu mpaka bati lirudi. Fundi akaletwa nyumbani. Alikuja na kipande alichokata kwenye debe la mafuta ya kupikia, akakifunga kwa waya, akasema tayari. Nikainama nikatazama. Kipande kilikuwa kimelilalia bomba. Nikamwambia hicho kitashika moto kama bomba lenyewe na kuupeleka juu. Akasema, "Mama, kitasaidia kidogo." Nikamwambia mwanangu hakuungua kidogo, akitoe.

Mume wangu akahangaika mpaka Magongo, kwa wauzaji wa vyuma vya magari yaliyokufa, akapata bati la gari kama lile, zima, halina kutu ya kutoboa. Akanunua boliti mpya na washa pana za chuma, vile visahani vya kutiwa chini ya boliti, maana matundu ya zamani yalikuwa yameliwa yakapanuka. Fundi alingoja bomba lipoe, akasugua kutu, akaziba tundu ambalo kutu ilikuwa imelitoboa sakafuni, akalifunga bati kote kote likakaa mbali na bomba, kidole chapita katikati bila kugusa. Lilipokazwa halikulia hata kidogo. Boliti tu! Zingewekwa siku ile ya kwanza, mwanangu angekuwa na paja lake.

Arobaini ikaisha. Mkwe wangu kule Likoni amngojea mkewe na mwanawe, na gari limewekwa mlangoni. Binti yangu akatoka na mtoto, akafika kizingitini, akasimama. Nilimuita, akaitika abee kwa adabu yake yote, lakini mguu haukuondoka. Akasema atakwenda kwa miguu mpaka kivukoni. Babake akamwambia aingie, bati limeshafungwa, asiogope.

Nikalaza viti. Nikatoa godoro la kitandani kwangu, nikalitandika. Nikamwambia mume wangu alale yeye, fundi ashike usukani, waende mpaka ng'ambo ya daraja na jua hili hili, warudi.

"Nilale kama maiti, mbele za watu?"

"Mbele za watu ndipo alipotolewa yeye."

Akavua kofia akaingia, akalala chali na kanzu yake iliyopigwa pasi. Nikafunga mlango.

Walikawia. Waliporudi sikumngoja ashuke, nilitia mkono chini ya godoro kwanza. Palikuwa vuguvugu, kama mahali popote alipolala mtu. Mume wangu akatoka amekunjamana, jasho lamtiririka. Binti yangu akamuuliza kutoka kizingitini, "Baba, kuna moto?"

"Hakuna," akasema. Kisha akatazama chini. "Ule wa kwanza nilikuwekea mimi, mwanangu. Nisamehe."

Binti yangu akaja, akanipa mtoto nimshikie, akaketi kiti cha mbele. Yeye alisamehe, ni haki yake, paja ni lake. Mimi nilimpa mwanawe, nikafunga mlango, nikarudi ndani kufua shuka.