Jina la Mmunga kwenye Diplome ya Wilondja

Nakumbuka asubuhi tuliyomzika Mmunga bila kulia. Mwanangu, wewe unayezunguka mjini Baraka na simu mkononi ukitafuta burse, ya kulipiwa masomo mbali, keti kidogo. Mimi shule niliishia mwaka wa tatu, lakini majina ya watu sijasahau hata moja, na hili linanikaba mpaka leo.

Vita ilitutoa Lweba, tukavuka ziwa, tukaingia kambini upande wa Kigoma. Nilikuwa na nguvu bado, na mdomo mkali. Nilifika na Mmunga, mtoto wa marehemu dada yangu Sifa. Mtoto wangu mwenyewe, Wilondja, alikuwa amekimbia na babu yake kwa njia nyingine. Waandishi wa kambi wakatuandika wawili kwenye kadi ya posho. Mmunga akashikwa na kipindupindu, siku mbili tu, akaenda. Wiki hiyohiyo Wilondja akafika, na kazi ya kuandika watu ilikuwa imefungwa.

Basi nikafuata akili ya njaa. Niliwaomba bamama watatu tumzike yule mtoto kimya, ili kifo chake kisifike kwa waandishi na posho yake isikatwe. Unajua kwetu, maiti asiyeliliwa ni aibu ya ukoo mzima. Wilondja nikamwambia: kuanzia leo ukiitwa Mmunga, itika. Alikuwa na miaka sita. Akaitika.

Mama Atosha, mkubwa wa wale watatu, hakungoja hata tutoke makaburini.

"Mama Wilondja, jina ya marehemu haiko kitu ya kukopesha."

"Mama Atosha, jina haikulake chakula. Tumbo njo inakulaka."

Wale wawili walicheka kidogo, Mungu atusamehe. Mama Atosha akaninyooshea kidole.

"Cheka, mutoto yangu. Iko siku hii jina itasimama mbele ya mutoto wako kama muntu."

Wilondja akasoma madarasa yote kwa jina la Mmunga. Tuliporudi nyumbani, diplome ya uuguzi nayo ikafuata jina lilelile. Lakini huku kwetu kila mtu alimjua kwa jina lake la ubatizo, na karte ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu, akaichukua kwa hilo. Akawa muuguzi hapa Baraka. Nikajiambia yamepita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuwekea pazia.

Halafu ikabandikwa kwenye mlango wa hospitali burse ya wauguzi: miaka miwili ya kujifunza kulaza wagonjwa usingizi wa upasuaji. Wilondja akaandika, akaitwa, akajibu maswali, akawa wa kwanza. Nilikwisha kumshonea shati la safari. Kisha wenye burse wakaweka diplome na karte juu ya meza moja. Alirudi nyumbani, hakukaa.

"Mama, banasema ii makaratasi ni ya bantu babili. Banataka tribinali iandike kama ni muntu moja. Sasa miye niko nani?"

Tukapanda pikipiki mpaka tribinali, ndiyo mahakama. Mwandishi wa pale akauliza kwa upole: huyo Mmunga mwingine alikufa lini, na karatasi ya kifo iko wapi? Nikamwambia sina karatasi. Kifo hicho hakikuandikwa popote, na mimi ndiye niliyekificha. Mama Atosha, ambaye angenishuhudia, alikuwa amekwisha kuzikwa; wale wawili walibaki ng'ambo. Siku za kuleta karatasi zikaisha, nafasi ikaenda kwa aliyemfuata. Hospitali nayo ikaanza kuuliza diplome ni ya nani. Mchuma janga hula na wa kwao.

Wilondja hakunitukana. Laiti angenitukana. Alitundika blusi yake nyeupe ya kazi kwenye msumari, akaenda Misisi kuchimba dhahabu. Akipiga simu, ananiuliza tu kama nimekula.

Mwanangu, burse haianzi siku inapobandikwa. Inaanza siku jina lako linapoandikwa mara ya kwanza. Leo hii toa karatasi zako zote, uzitandaze kitandani: ya ubatizo, za shule, karte. Zikipishana, nenda tribinali sasa, wakati wazee waliokuona ukizaliwa wanapumua bado. Na kama mama yako alikuandika jina lingine kwa ajili ya njaa, muulize pole pole. Usimhukumu, ila muulize, maana sisi bamama huficha mambo tukidhani tunawafunika watoto. Na ninyi wenzetu wa kambi ya Lusenda, mliokimbia Burundi, msiufiche msiba. Lieni, andikisheni, hata posho ya kadi ikipungua.

Mungu akutangulie kwenye kila mlango utakaoubisha. Siku watakapoita jina lako, usimame wewe mwenyewe, na mama yako akusikie ukiitika, naye hana la kuficha.