Kiti cha Radhamés

Miaka yote niliyoishi Santo Domingo sikuwahi kushuka San Pedro de Macorís. Basi liliponishusha huko asubuhi ile nilikuwa na njaa. Nikaingia mgahawa wa kwanza, nikakaa kwenye kiti cha kijani kando ya friji. Watu wote wakanigeukia.

"Toka hapo, baba!" Doña Eduvigis, mwenye mgahawa, alinijia na mwiko. "Hicho cha Radhamés!"

Radhamés Mojica mwenyewe alikuwa mlangoni: mtu wa miaka thelathini na minne, vidole vyeusi kwa kuziba pancha za pikipiki. Timu ya besiboli ya mji ilikuwa imemchukua kwa majaribio ya mechi saba za mwanzo wa msimu. Katika sita alikuwa amepiga mpira kila siku na kukimbia hadi kituo, alama ya uwanjani, bila kutolewa. Kila asubuhi kiti kilekile, ndizi za kuponda zilezile, salami, soseji ya kukaanga, vipande vitatu, soksi zilezile bila kufuliwa. Mtu akiwa anapiga, hakibadilishwi kitu. Leo ilikuwa ya saba: akipiga, anapewa mkataba wa msimu mzima, akikosa, anarudi kwenye pancha.

"Kishapashwa moto na mtu mwingine," mnywa kahawa mmoja akaguna. "Tumekwisha."

"Mgeni, baki hapohapo," Radhamés akasema, jasho likimtoka. "Nikikalia bahati yako itakuwa balaa zaidi."

Akala kasimama.

"Akikosa," Doña Eduvigis akaniambia, "nakukaanga wewe na vitunguu."

Alasiri, uwanjani, alikosa mara mbili. "Mrudisheni mkalia kiti kwao!" jukwaa, lililokwisha kusikia habari zangu, likapiga kelele, nami nikajikunja. Mara ya tatu gongo lililia, mpira ukaenda kugonga ukuta wa mbali. Radhamés alikimbia hadi kituo cha pili, akajitupa kifudifudi, akainuka na udongo kwenye meno, anacheka. Doña Eduvigis alinikumbatia hadi miwani yangu ikaanguka.

Kesho yake mkataba ulikuwa umetiwa saini. Basi la timu, linalokwenda Santiago, lilisimama mbele ya mgahawa likipiga honi. Radhamés alikula tena kasimama, mimi nikiwa kwenye kiti cha kijani.

"Mgeni, usihame mpaka nirudi!" akapiga kelele dirishani.

"Unarudi lini?"

"Jumapili!"

Ilikuwa Alhamisi. Basi likaondoka, watoto wakilifukuza. Doña Eduvigis akaniwekea sahani.

"Umemsikia, mwanangu. Salami vipande vitatu, na usiache hata kimoja."